Mluzi Uliojibiwa

Nilipokuwa mtoto wa kutumwa chumvi na kurudi na sukari, niliamini kwamba Abti wangu alichukuliwa na jini. Leo nina wajukuu, na mtu akiniuliza kama bado naamini hivyo, simjibu haraka.

Abti ni mjomba, ndugu wa mama. Kwetu Wasomali neno hilo huenda na kurudi: mimi nilimwita abti, naye aliniita abti, tukawa kama watu wawili wanaorushiana mpira. Jina lake hasa ni Bashir, lakini wengi hawalijui. Huko Uingereza alikokwenda akawa mwimbaji wa rege, alijiita Abti tu. Nimewahi kuona kwenye kanda ya video ukumbi mzima wa watu tusio na nasaba nao wakimwita mjomba wao. Niliona wivu, sifichi.

Wakati ninaousimulia tulikuwa Garissa na vita vya shifta, waasi waliotaka kujitenga na Kenya, vilikuwa vimepamba moto. Watu walikuwa wamekusanywa karibu na mji pamoja na mifugo yao, ndani ya ua wa miiba, askari langoni. Nililelewa na Ayeyo, bibi yangu mzaa mama. Alikuwa amezaa wana wa kiume watatu. Wawili wakubwa walikwishauawa katika vita hivyo, kwa risasi ambazo hakuna aliyetuambia zilitoka upande gani. Alibaki Bashir, kitinda mimba, kijana ambaye ndevu zilikuwa bado zinamfanyia mzaha.

"Nataka mmoja wa kunishusha kaburini," Ayeyo alikuwa akisema kila alipomaliza kuswali. "Mmoja tu. Sijaomba mvua."

Tatizo la Bashir lilikuwa kinywa chake. Hakikutulia. Aliimba akisuka kamba, aliimba akikamua, na nadhani aliimba hata usingizini. Ayeyo alivumilia yote isipokuwa mluzi jua likishafika kwenye vilele vya miti. Saa hiyo, alisema, majini huwa wameamka na hawapendi kunyamaza wakiitwa.

"Mluzi wa machweo ukijibiwa, basi," alionya. "Aliyejibiwa hakai tena kwao."

Sasa mwambie hayo ngamia. Labda ngamia wa wengine hunywa kimya kimya. Wetu hawakunywa bila mluzi. Mchungaji husimama kando ya hori akapiga mluzi wa polepole, wa kupanda na kushuka, na ngamia hunywa kwa kuufuata. Ukiukatiza, anainua kichwa na kukutazama kama mgeni aliyenyang'anywa sahani, na huenda asirudi kunywa tena siku hiyo. Kwa hiyo Ayeyo aliweka sharti: ngamia wanyweshwe mchana, mluzi uishie mchana.

Jioni moja zamu zilichelewa kule Tana. Mto una mamba, kwa hiyo maji yalichotwa kwa madebe na kumiminwa horini, na kila ukoo ulisubiri wengine wamalize. Tulipofikiwa na zamu, jua lilikuwa jekundu. Kazi yangu ilikuwa kumshika ndama asije akamsukuma mama yake. Abti alilitazama jua, kisha akanitazama mimi.

"Abti, Ayeyo asijue," alisema, akaanza.

Ngamia akainamisha shingo. Nilipenda sana kumsikia akipiga ule mluzi. Nilikuwa nikihisi kiu yangu mwenyewe inapungua. Halafu, kutoka kwenye vichaka vya miswaki juu ya ukingo, mluzi mwingine ukajibu. Ulikuwa ule ule, ukapanda pale pale alipopanda, kisha ukamtangulia na kumalizia kipande ambacho bado hajakifikia.

Nilimkumbatia ndama nikaanza Ayatul Kursi, ambayo hata nusu sikuijua. Uso wa Abti ulibadilika, lakini hakukatiza. Ngamia alikuwa hajashiba, na mchungaji wa kwetu hakatizi mluzi kwa ajili ya hofu yake mwenyewe. Ukaidi huo nusura umuue, kwa sababu kulikuwa na watu wengine waliosikia. Sajini alikuja mbio kutoka langoni na askari wawili, bunduki mikononi. Kwao, mluzi unaojibiwa kutoka vichakani saa ile ulikuwa ishara ya shifta.

"Unamwita nani huko?"

"Mimi naita hakuna mtu, afande. Nabigia ngamia mluzi. Hii ngamia bila mluzi hakunywi maji, wallahi."

"Na huyo aliyekujibu, naye ni ngamia?"

Abti akageuka kuvitazama vichaka. Angesema nini, jini? Sajini akamwamuru apige magoti, na bunduki moja ikamwelekea kichwani. Hapo ndipo Ayeyo alipofika. Mluzi aliusikia tangu uani, akaja bila viatu, mtandio mkononi. Kiswahili hakukijua, ila maneno mawili matatu ya sokoni. Alijiingiza kati ya bunduki na mwanawe, akainua kidole kimoja.

"Huyu yangu," alisema. "Moja. Huyu yangu. Moja."

Alikuwa bado anayarudia maneno hayo, nami nalia, askari wa nne alipotoka kwenye vichaka, kofia mkononi. Alikuwa kijana mwembamba, wa rika la Abti au zaidi kidogo.

"Ni mimi niliyejibu, afande," alisema. "Kwetu tunawapigia ng'ombe hivyo hivyo wakinywa. Nilisikia, nikajisahau."

Sajini alimtazama mpaka nikadhani atampiga yeye risasi. Kisha akamwambia aende kambini, watazungumza huko, nasi akatufukuza pale kama kuku. Yule kijana hatukumwona tena. Simjui jina, wala sijui kujisahau kwake kulimgharimu nini. Humkumbuka katika dua.

Mimi nilirudi nyumbani nikirukaruka. "Ayeyo, si jini! Ni askari!"

"Jini hujibu kwa kinywa chochote anachokipata," alisema, akawasha ubani. Abti alifukizwa, akasomewa, akafungwa hirizi, na kwa wiki nzima alinukia kama bibi harusi. Haikusaidia. Wahenga walisema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Abti hakuvunjika guu, alipata pasipoti. Vita vilipokwisha alipanda lori la ng'ombe hadi Nairobi, na miaka michache baadaye akawa Uingereza, anapakia biskuti kiwandani.

Kama wengi wetu wasiopenda kuandika, alitutumia sauti yake kwenye kaseti. Alitueleza kwamba jirani zake ni watu wa Jamaika, na kwamba muziki wao unatembea kama ngamia mwenye kengele ya mti shingoni. Aliwafuata, akajifunza, akaimba kwenye vilabu vidogo, kisha kwenye kumbi, kisha nchi za watu. Aliimba Kisomali, Kiswahili na Kiingereza chake cha kiwandani. Wimbo uliompa jina ulianza na ule mluzi wa horini, mzima mzima. Ayeyo alisikiliza salamu zote za kaseti, na muziki ulipoanza alisema, "Zima hilo." Nilijua kwamba nisiharakishe kuzima.

Kurudi, hakurudi. Kwanza ilikuwa karatasi za uhamiaji, halafu watoto, halafu aibu ya kuchelewa. Ayeyo alizeeka akimsubiri. Siku moja nikimpaka mafuta miguuni aliniambia, bila mimi kumuuliza:

"Wale wawili niliwaambia wasiende mbali. Wakanisikia, nikawazika. Huyu hakunisikia, na yu hai. Mwambie asihangaike na kaburi langu. Kunishusha, hata jirani anaweza."

Onyo lake lilitimia neno kwa neno. Kilichomchukua miaka yote hiyo ni kukubali kwamba lililotimia halikuwa msiba, na mimi, niliyekuwepo, sikuliona hilo mpaka aliponiambia.

Alipofariki, wanaume wa mtaa ndio waliomzika, sisi wanawake tukabaki nyumbani. Simu ikalia kutoka Uingereza.

"Nani amemshusha, abti?" aliuliza.

Nikamtajia majirani, mmoja baada ya mwingine.

"Alinitaka mimi," alisema.

Nikampa maneno aliyoniachia Ayeyo, yote, kama alivyoyasema. Upande wa pili nikamsikia mwanamume yule, aliyeimbia maelfu ya watu, akilia kama mtoto aliyesamehewa. Sikumnyamazisha. Nilikaa na simu sikioni, nami nikalia naye.