Tawi Lililofunga Njia Juu ya Lupiro

Hakuna mtu Ifakara nzima anayezijua njia za vilimani kama mimi, Levina wa Lipangalala.

Wengine waliozijua wameshakufa wote, kwa hiyo huo ushindi sikuugombania na mtu.

Ila sikilizeni kilichonikuta Jumatatu, kule juu ya Lupiro. Tulikuta njia imefungwa. Tawi bichi, limelazwa katikati.

Na njia ile haipitwi na mtu tangu bodaboda zije.

Nilikuwa na mgeni, binti anaitwa Omega, kwao Kidatu, wazazi wake wakata miwa. Ofisi yao inachora njia za zamani za kwendea soko la Ifakara, ili wageni waje kutembea vilimani. Watu wenye magari yao, wanatembea kwa hiari! Haya.

"Shikamoo bibi. Nimeambiwa wewe ndiye ramani."

"Marahaba. Ramani iliyokunjamana."

Akafikia kwangu. Njia zilikuwa nne. Ya nne ikiisha, anapanda basi.

Hapo mnielewe. Tangu mume wangu Hermenegildi afariki, napika kikombe kimoja cha mchele na bado wali unalala. Asubuhi namsalimia kuku. Kuku haitikii.

Omega alipokuja nilipika vikombe vitatu, na ukoko tukanyang'anyana kama watoto.

Jumamosi tukamaliza njia ya tatu. Jioni nikamkuta anakunja nguo.

Nikaenda kuosha sufuria iliyokwisha oshwa.

Jumatatu gari likatushusha Lupiro, tukapanda njia ya nne. Mimi mbele, yeye nyuma anahangaika na simu yake. Kikapu nimebeba mwenyewe, kimefunikwa kitambaa kibichi. Alitaka kunisaidia, nikamwambia sijazeeka kiasi hicho.

Kwenye njia panda nikapiga kelele: "Simama hapo!"

"Nini bibi? Nyoka?"

"Tawi."

Nikamweleza. Zamani tukishuka na mama, mikeka kichwani, waliotangulia walivunja tawi wakalilaza kwenye njia isiyofaa. Ukiliona, hupiti. Wala huulizi.

"Sasa nani katangulia, bibi? Huku si hakuna watu?"

"Ndiyo maana tunarudi."

Tukarudi nyumbani. Nikapika vikombe vitatu.

Jumanne, tawi jingine, palepale.

"Aisee! Huyu mtu anaamka saa ngapi?"

"Wa zamani hawalali, mjukuu wangu." Nikafanya ishara ya msalaba. Akafanya na yeye, na kwao wala si Wakatoliki.

Jumatano, tena.

Safari hii Omega hakurudi nyuma. Alichuchumaa, akachuma jani, akalitafuna. Akatema.

"Bibi. Huu mwarobaini."

"Eti eh?"

"Siku zote hizi napanda huku, sijaona mwarobaini hata mmoja. Ninaoujua mimi uko kwako, nyuma ya bafu. Ndiko naanikia nguo."

"Upepo huo."

"Upepo una panga? Ona, limekatwa."

Nikageuka kutazama bonde. Mpunga ulikuwa umeiva, mto unang'aa, na mbali kabisa mabati ya Ifakara. Langu sikulitambua. Ukiwa juu vile, huwezi kujua bati lipi chini yake kuna mtu mmoja tu.

"Njia ikiisha unaondoka," nikasema. Sauti ilitoka ndogo, hata mimi sikuipenda.

Omega akakaa chini kwenye majani.

"Bibi, mimi mpaka Jumapili sina kazi. Nilikunja nguo kwa sababu hukuniambia nikae. Nikajua umenichoka."

Mungu wangu. Siku tatu nimepandisha magoti haya mlimani kwa neno moja la kusemea jikoni.

Wazee wenzangu mnaosoma kwa miwani, na ninyi vijana: ukimhitaji mtu, mwambie "kaa". Lisemwe mapema, chakula kikiwa bado cha moto. Msimfanye mtu abahatishe, na msimzungushe vilimani kama nilivyofanya mimi.

Omega akanyoosha mkono anisimamishe. "Haya, umenidanganya mara ngapi?"

"Tatu tu. Matawi yale matatu. Nakuapia kwa marehemu, hakuna jingine."

Akanitazama. Kisha akakitazama kikapu, akafunua kile kitambaa kibichi.

Yalikuwemo matatu mengine. La Alhamisi, la Ijumaa na la Jumamosi.

Jumapili nilikuwa nimeiachia misa.