Kisigino cha Baba Mbele ya Behewa

Juzi nilikuwa studio ya picha pale Kaloleni, nikamkuta mama mmoja anataka picha ya marehemu baba yake ikuzwe, aende nayo Moshi kwenye mkutano wa ukoo wakati wa Krismasi. Baba amesimama kando ya treni. Chini iandikwe: "Baba akisafiri daraja la kwanza." Mashemeji zake wanambishia miaka yote.

Mzee mmoja kwenye benchi, mstaafu wa reli, akaomba aione. Akahesabu madirisha kwa kidole, midomo ikicheza.

"Madirisha mapana, yana mapazia. Ya daraja la tatu yalibanana. Hili ni daraja la kwanza kabisa."

"Si nilisema!" Mama akapiga makofi.

"Lakini baba yako hakupanda hili."

Ndipo mama akakumbuka kumsalimia. "Shikamoo, mzee. Umejuaje?"

"Ona mkungu wa ndizi hapo miguuni. Na kisigino kimeshainuka. Abiria wa daraja la tatu walikuwa wanapiga picha hapa, halafu mbio hadi nyuma kwenye mabenchi ya mbao. Mimi ndiye niliyekuwa nawapulizia filimbi!"

Mama alicheka hadi kilemba kikamdondoka. Akamgeukia mwenye studio. "Andika, 'Baba akiwahi behewa lake.' Na kisigino usikikate!"

Nilitoka nje nacheka peke yangu kama mwehu, nikachomoa simu nimsimulie mke wangu. Kwenye kioo nikakutana na picha yangu ninayoipenda kuliko zote: nimeegemea gari la jirani, kisigino juu.