Alinipa Shikamoo, Nikawaambia Polisi ni Kijana

Admin, naomba jina langu usilitoe. Na wenzangu wa Kibondo mkinitambua kwa maelezo haya, nihurumieni, msinitaje. Mimi ni mwanamke wa miaka thelathini na moja, nimeolewa Kumsenga, nina watoto watatu, nauza mawese na sabuni barabarani karibu na kijiwe cha bodaboda. Ni mtu wa maneno mengi, sikatai. Mdomo huu ndio umenifikisha hapa, sili, silali, na kesi ni Jumatatu.

Mwaka jana mdogo wa mume wangu, shemeji yangu niliyekuwa nataniana naye kuliko ndugu zangu wa damu, alipata abiria mbele ya meza yangu. Ilikuwa saa tisa alasiri, vumbi limetanda maana malori yalikuwa yanapita mfululizo. Abiria alivaa kofia ya sweta imeshuka hadi kwenye nyusi, na koti amelifunga hadi shingoni. Akanisogelea akasema, "Shikamoo mama." Nikaitika marahaba huku nimenuna, nikajiona nimezeeka. Nikamtania shemeji, "Huyu abiria wako ananizeesha, mpandishie nauli!" Shemeji akacheka, wakaondoka.

Kabla jua halijazama walimkuta shemeji porini, njia ya kwenda kambi ya wakimbizi ya Nduta, amepigwa nyundo kichwani, pikipiki haipo. Hakufa. Lakini mpaka leo hasemi neno la kueleweka, analishwa uji kwa kijiko, na siku ile haikumbuki kabisa.

Polisi wakauliza nani alimwona abiria. Nani mwingine kama si mimi? "Ana umri gani?" Nikajibu bila kupepesa macho, "Kijana mdogo, kumi na tisa, ishirini, hazidi hapo." Askari akaandika, nami nikajiona mtu wa maana kweli. Hakuniuliza nimejuaje, na mimi sikujiuliza.

Baada ya siku chache wakamkamata kijana anayeosha pikipiki, nimwite Eliya. Ana miaka ishirini, ana kofia ya sweta, na hakuna aliyeweza kueleza mchana ule alikuwa wapi. Mama yake ni mjane, wazee wake walikimbia Burundi zamani, siku hizi ni raia, analima mihogo. Kwenye gwaride la utambulisho walinipangia vijana wanane, wote rika moja, kwa sababu ndivyo nilivyosema mimi. Hakukuwa na hata mmoja mwenye ndevu. Nikawapitia mara mbili, nikamgusa Eliya bega. Angalau yeye alifanana na abiria kuliko wengine, hasa kimo. Alinitazama akasema, "Dada, mimi?"

Sasa mwezi uliopita nilikwenda Kasulu kuchukua mawese. Sokoni akaja mzee mmoja Mkongomani kutoka kambi ya wakimbizi ya huko, mvi kichwa kizima, kunisaidia kubeba madumu. Akaniambia, "Shikamoo mama." Nikamwambia, "Baba, si mimi ndiye wa kukuamkia?" Akacheka sana. "Kwetu hatukukuwaka na shikamoo. Tulipofika huku bakatuambia, Mutanzania ukimupa shikamoo anafurahi. Basi mimi namupatiaka kila mutu, hata mutoto." Mzee wa watu hana kosa lolote, na sisemi kwamba mwizi ni mkimbizi. Lakini nilikaa chini, juu ya dumu.

Maana pale pale nilijiuliza, uso wa yule abiria niliuona? Ndugu zangu, sikuuona. Niliona kofia, koti na kidevu chenye vumbi. Ujana wake niliutoa kwenye salamu! Sisi tumelelewa hivyo, anayekuamkia ni mdogo kwako, basi, huna haja hata ya kumtazama vizuri. Na mtu anayekwenda kuua atashindwaje kutoa shikamoo ya uongo? Huenda alikuwa na miaka arobaini, huenda hamsini. Huenda alikuwa Eliya kweli. Sijui, na huko kutojua ndiko kunakonimaliza.

Nilimweleza mume wangu. Hakupiga kelele, afadhali angepiga. Akasema, "Mdogo wangu amekuwa kama mtoto mchanga, na wewe unataka kumtoa aliyemfanya hivyo? Watu wa Eliya wamekupa nini?" Mama mkwe tangu siku hiyo hali chakula nilichopika. Nikamfuata askari aliyeandika maelezo yangu, akaniambia, "Mama, ulishasaini. Ukigeuka sasa watakuuliza kwa nini ulidanganya mwanzoni." Lakini sikudanganya, jamani. Niliamini.

Anayenivunja zaidi ni mama Eliya. Kila Jumapili akitoka kanisani anapita mezani kwangu. Hanitukani. Ananisalimu kwa Kirundi, "Mwiriwe," ananunua kipande cha sabuni cha kumpelekea mwanawe mahabusu. Jumapili iliyopita alinishika mkono. "Mama, umwana wanje, mtoto wangu, ni huyo huyo mmoja. Kama ulimwona, sema. Kama hukumwona, na hilo nalo uliseme." Nikampa sabuni, nikageuka nikalia kwenye kanga.

Wanasema kosa analoshtakiwa Eliya ni kifungo cha miaka thelathini. Jumatatu nitashika Biblia na kuapa. Nikisema ni Eliya, na kumbe siye, nimemzika mtoto wa mwenzangu akiwa hai. Nikisema sijui, na kumbe ndiye, aliyemharibu shemeji yangu anarudi mtaani kwa mdomo wangu huu huu. Na ndoa yangu imekwisha vilevile, mume ameshasema nisirudi nyumbani kwake nikitoka mahakamani na maneno hayo. Nimeomba hadi maneno ya kuomba yameniishia.

Wanasheria, wanawake wenzangu mlioolewa, yeyote mwenye akili kunizidi, nishikeni mkono. Matusi sihitaji, ninayojitukana mwenyewe yananitosha. Hakimu akiniuliza kama ni huyu, nimjibu nini?