Ngozi Waliyolalia Watoto wa Minza

Wilhelmina alimnyang'anya Minza watoto, kisha akamnyang'anya na jina. Hilo ndilo kosa, na lisemwe hivyo hivyo kabla watu hawajalivisha nguo.

Minza ni mjane wa mjini Bariadi, katika mtaa ulio nyuma ya soko. Tumbo lake halikuzaa, lakini uani kwake hakukuwahi kukosa kamasi za kufuta. Wauza nyanya, mama lishe, vibarua wa kiwanda cha pamba, hata muuguzi aliyehamishiwa hapa kutoka Bukoba, wote walimwachia watoto alfajiri wakaenda kazini. Mwenye viazi alileta viazi, mwenye kuni akaleta kuni, asiye na kitu akaleta mtoto tu. Mchana Minza alitandika upenuni ngozi ya ng'ombe aliyechinjwa kwenye matanga ya mumewe, na watoto wakalala juu yake wamepangana kama michembe ya viazi iliyoanikwa juani.

Wilhelmina naye alikuwa mmoja wa wazazi hao. Aliuza dagaa sokoni, na mwanawe wa mwisho alijifunza kutembea akiwa ameshika kanga ya Minza.

Kisha akina mama wakaungana. Harieth, mwenyekiti wa kikundi chao, akahamasisha watu: mafundi wakajitolea, wafugaji wa Sapiwi wakaahidi maziwa, kila nyumba ikatoa mahindi, ili malezi yawe ya bei anayoiweza hata mchoma mahindi wa barabarani. Nyumba ya watoto ikasimama. Minza mwenyewe alikanyaga udongo wa matofali yake mpaka nyayo zikapasuka. Ni jambo jema. Hata yeye hawezi kulisema vibaya, na hapo ndipo panapomchoma zaidi.

Siku ya kumchagua mlezi, Minza alikwenda na kitenge kipya. Akatajwa Wilhelmina.

"Mayu, mama yetu, wewe pumzika sasa," Harieth alimwambia. "Umechoka."

"Nani kakwambia nimechoka? Mgongo wangu ulikutuma?"

Wanawake wakaangua kicheko. Harieth naye akacheka, na shauri likaishia hapo.

Tangu hapo kila asubuhi watoto walipita kando ya uzio wake wa minyaa wameshikana mikono, Wilhelmina mbele, amevaa aproni ya kijani aliyoshonewa na kikundi. Minza aliitazama aproni ile kama mtu anavyomtazama mke mwenza. Mshono umepinda, alijisemea. Rangi yenyewe ya chura.

Wiki haikwisha, Wilhelmina akapiga hodi, akamwamkia kwa Kisukuma.

"Mwadila, dada Minza."

"Mwadila. Umepotea njia? Nyumba ya watoto iko kule."

"Watoto hawalali, dada. Magodoro mapya hawayataki. Mhoja akianza kulia, wote wanamfuata. Mama yake ameitwa mara mbili kutoka kiwandani, msimamizi anataka kumfukuza. Niazime ile ngozi."

"Ngozi umeikumbuka. Mwenye ngozi je?"

"Hilo si langu, dada. Ni la kikundi."

"Na ngozi si ya kikundi."

Wilhelmina akabaki amesimama palepale mlangoni. Hapo Minza akajiwa na wazo tamu kama asali. Ngozi ile ilishiba moshi wa jiko lake na samli ya mikono yake. Watoto wakiinusa watamkumbuka. Watamlilia kwa jina, mama zao watasikia, na Harieth atakuja kwa miguu yake kumwomba. Akaikunja, akamkabidhi kwa mikono miwili.

"Chukua. Watoto ni wetu sote."

Mchana ule alipeleka kigoda chini ya dirisha la nyumba ya watoto, akajifanya anachambua mchicha. Akasubiri kilio. Alimsikia Wilhelmina akibembeleza kidogo, kisha kimya. Akachungulia. Mhoja, yule asiyeshikika, alikuwa amelaza shavu juu ya ngozi, mkono wake umekamata aproni ya kijani. Harufu ya Minza ilikuwa imemlaza mtoto kwa mwanamke mwingine, na aliyeituma ni Minza mwenyewe. Aliondoka, mchicha akauacha palepale.

Ngozi haikurudi. Walipokuja wageni kuitazama nyumba, mmoja aliipenda ngozi, akauliza wazo la kuwalaza watoto juu yake limetoka wapi.

"Kwa mlezi wetu huyu," Harieth akasema.

Wilhelmina akainamisha uso, akatabasamu. Minza alikuwa mlangoni na ndoo ya maji ya wageni kichwani.

Watu wanasema ana wivu. Anao. Mhoja siku hizi akipita humwambia, "Shikamoo bibi," kama anavyomwamkia bibi yeyote wa njiani.

Ngozi ibaki, watoto wanailalia. Anachodai ni kingine. Wilhelmina asimame mbele ya akina mama walewale, bila tabasamu, aseme ngozi ile ni ya nani, na kulea alijifunzia uani kwa nani. Na Harieth, aliyecheka, alitaje jina la Minza kwa sauti ileile aliyochekea. Wote wawili wanapita kando ya minyaa kila siku, na hakuna aliyesimama.