Bwawa la Kamba Kando ya Gunda

Asubuhi moja siisahau, mwanangu, ijapokuwa kichwa changu sasa ni cheupe. Kabla jua halijachomoza nilishuka na ndoo bwawani, kule kwetu ufuoni mwa ziwa, karibu na Usenge, nikasikia nyasi zikichakarika taratibu kando ya maji. Nikainama. Kamba wetu wa maji baridi, wale wenye masharubu marefu, walikuwa wametoka majini na kujaa ukingoni, wengine wamepanda hadi nyasini. Wote walielekea upande mmoja, upande wa minyaa. Nilipokaribia hawakukimbia. Niliogopa, sikufichi.

Minyaa ile ilikuwa ua la boma la babu zetu, lililohamwa zamani. Sisi mahali kama hapo tunapaita gunda, na gunda lina makaburi. Kaka yangu Ochieng' alichimba bwawa kando yake kwa sababu ndipo udongo unaposhika maji. Alikuwa amechoshwa na vibarua vya Obunga, kule Kisumu, akaapa kwamba kamba wakimkubali hatarudi mjini tena. Lakini kamba walikonda. Chakula walikiacha, na kila asubuhi tuliokota waliokufa. Watu wakanong'ona kuwa ni chira, ule ugonjwa wa kumkondesha aliyevunja mwiko. Usilolijua ni kama usiku wa giza, na gizani kila mtu huona anachokiogopa.

Baba Mkubwa alikuja kuona, akasimama mbali na maji.

"Ochieng', hapa watu wamelala," alisema. "Jumamosi tunafunika hii shimo. Wewe rudi tu Kisumu."

Ochieng' aliitikia kwa kichwa tu. Yule alikuwa mtu wa kubisha, kwa hiyo kuitikia huko kuliniuma kuliko kamba wote waliokufa.

Na dawa tulikuwa tumetia! Afisa wa samaki alituelekeza tununue unga fulani wa probiotiki, akatueleza kwamba mle ndani mna vijidudu vyema, hai, ila vimelala. Ukiukoroga kwa maji kidogo na kuunyunyizia chakula, vitaamka, viingie matumboni mwa kamba na kuwafukuzia vile vibaya. Tukafanya hivyo. Lakini chakula kilicholowa hukaushwa kwanza kabla ya kumwagwa bwawani, na sisi watu wa ufuo tunajua njia moja tu ya kukausha kitu. Tulitandaza nyavu za omena, wale dagaa wa ziwani, tukakianika juani kutwa nzima.

Ijumaa akaja Dani, nyanya yetu mzaa baba, yule aliyetulea kwa maziwa lala, yale yanayogandishwa kibuyuni. Alidhani anakuja kuliaga bwawa. Akachota chakula kwenye wavu, akakiacha haraka maana kilikuwa cha moto. Akamtaka Ochieng' amweleze tena kilichokuwa ndani ya unga ule. Ochieng' akaeleza neno kwa neno. Dani akaziangalia nyavu.

"Nyathina, mwanangu," akasema, "mnaogopa wafu, na walio hai mmewaanika juani."

Tukageuka kutazama. Nyavu zilikuwa zimetulia kabisa, na kwa mara ya kwanza zilinitisha kuliko makaburi. Dani akatukumbusha kuwa kibuyu chake cha maziwa hakijawahi kuona jua, na sisi hatukuwahi kumuuliza kwa nini: joto la jua huua kile kinachoyagandisha.

Yeye mwenyewe alikwenda kwa Baba Mkubwa, na mtoto hata akiota mvi hampingi mama yake. Jumamosi ikapita bila majembe. Tukachanganya chakula kipya, tukakikausha kivulini, nyuma ya nyumba. Tukapunguza pia kiasi tulichokuwa tukimwaga, maana mabaki yaliyooza ndiyo yaliyokuwa yakiyakosesha maji hewa, na tukaingiza maji mapya. Sikudanganyi kuwa unga peke yake ulifanya muujiza. Taratibu kamba wakaanza kula, wakarudi chini, wakanenepa. Ochieng' yuko hapa hapa hadi leo.

Siku ya kuvua mara ya kwanza, Dani alichota konzi ya chakula akairushia minyaa. Nikamuuliza ni ya nani.

"Ya wale," akasema. "Unadhani nani alitoa kamba nje, ili mpate kuona?"

Asubuhi yake nilipita pale na haikubaki hata punje. Huenda ni ndege. Sikuuliza tena.

Mazoea yana taabu, mwanangu. Mkono uliozoea kazi moja hufanya kila kazi kwa namna ile ile, kisha lawama tunawabebesha waliolala. Ukipewa kitu, uliza kama kina uhai, na uliza kinachokiua. Kikulacho ki nguoni mwako; kitafute huko kwanza, ndipo uende makaburini.

Haya, nenda. Maji yako yasikose pumzi, mkono wako uwe kivuli kwa kila kidogo chenye uhai, na wale wanaokutazama alfajiri kutoka minyaani wawe wanakutakia mema.