Swichi ya Pikipiki ya Baba

Pikipiki ya baba ilikaa kwenye korido ya nyumba yetu ya Kibamba, ikitazama mlango, na korido yenyewe ni nyembamba mno: fundi lazima achuchumae kati ya ukuta na tairi la mbele. Jumamosi ile fundi nilikuwa mimi. Panya walikuwa wametafuna waya za swichi ya usukani, ile ya taa na honi, na baba alitaka kazi iishe kabla ya magharibi. Kesho yake aende Mlandizi kwa rafiki yake, kwa barabara ya Morogoro, katikati ya malori.

Mama alikuwa ameniwahi getini hata sijaingia ndani.

"Mie nakwambia, usiitengeneze. Baba yako haoni huyo. Juzi kalisalimia gauni langu kwenye kamba, eti, 'Habari za asubuhi, jirani.'"

"Si umwambie?"

"Mwambie wewe, ndo mwanaume mwenzie."

Nilikasirika. Mwalimu mstaafu aliyewachapa nusu ya wanaume wa mtaa ule, leo nani amwambie haoni? Nikiitengeneza, namtuma kwenye malori. Nisipoitengeneza, namdanganya baba mzazi usoni pake.

Baba akaleta kigoda, akaketi mlangoni, njia ya kutokea ikazibwa. Pikipiki ile ni ya zamani kuliko mimi, na mpangilio wa waya zake aliujua kwa kichwa. Alitaka anikabidhi mwenyewe waya mpya, moja moja, nami niunge na kufunga tepu.

"Nyekundu ni ya betri. Shika." Akanipa ya kijani.

"Ahsante, baba."

"Ya kijani ni ya honi." Akanipa ya njano.

"Ahsante, baba."

Kila aliyonipa niliirudisha kimya kimya kwenye rundo miguuni pake, nikachukua niliyoitaka. Niliona aibu kama mtoto aliyemkuta baba yake hana nguo.

Nilikuwa nimepanga kuacha waya moja bila kuungwa, halafu nisingizie swichi. Lakini aliziulizia moja baada ya nyingine, "Hiyo tayari?" nami mdomo ukajibu "Tayari" na mikono ikafanya kweli, mpaka zikaisha.

"Washa taa."

Nikawasha. Mwanga hafifu wa manjano ukatua kifuani pake, juu ya vifungo vya shati. Baba alikuwa ananitazama mimi, akisubiri.

"Imewaka?"

"Bado, baba."

Kisha akanyoosha mkono, akapapasa usukani, akashuka hadi kwenye taa, kiganja kikatulia juu ya kioo. Kioo kilikuwa kimeshaanza kupata moto. Mkono wake haukuondoka pale.

"Basi izime," akasema taratibu. "Utamaliza betri."