Buluu ya Nyota ya Hemedi

Hemedi alikuwa fundi cherehani hapa Kisangani, mtu wa masihara mchana kutwa. Swala ya magharibi ikiisha tu, usimtafute: alikuwa uani na nyota yake, Sirius, ile nyeupe inayowaka kupita zote.

Mwalimu wake wa fizikia, marehemu papa Isaïe, alimwachia darubini ya mkono na kioo kinachoupasua mwanga ukawa rangi za upinde wa mvua. Kazi yenyewe ukiisikia utacheka. Unaweka mbele ya darubini vipande vya filamu nyeusi za eksirei za hospitali, kimoja juu ya kingine, mpaka rangi ipotee. Kisha unaandika vilikuwa vingapi. Usiku wa kwanza nyekundu ilipotea kwa saba, buluu kwa tisa.

"Nyota hii ndiyo mizani yako," mwalimu alimwambia. "Nyota zingine zote utazipimia hapa. Ikiharibika, daftari zako ni za kufungia karanga."

Miaka kumi na tisa Hemedi aliandika. Nyekundu haikusogea. Buluu ilishuka hadi nane, ikaja saba, na mwaka huu tano. Aliogopa kuliko alivyokubali kusema. Ukungu wa mto ulipopanda taratibu, alikaa akiitazama nyota yake kama mtu anayemuuguza ndugu, akaiombea dua, na mara nyingine akasinzia akaota inazimika huku yeye anaipigia kelele nayo haimsikii.

Mwezi wa tatu, Kasoki, mama wa duka la jumla, alirudisha blauzi aliyoshonewa.

"Toka nayo kwa jua, tonton," alisema, maana hakuna mwanamke wa soko hili anayeamini rangi ya kitambaa akiwa chini ya bati. "Nguo yangu iko bleu. Uzi wako iko noir, nyeusi kabisa!"

Hemedi alitoka, akaigeuza blauzi huku na huku. Nguo na uzi aliviona rangi moja. Kasoki alicheka, akidhani ni utani wake wa kila siku. Hemedi hakucheka.

Jioni hiyo alimwita binti yake Leila, ambaye siku zote aliiita ile nyota mke mdogo wa baba. Akamshikisha darubini, akaanza kumwekea filamu. Alipoweka ya tano, akauliza:

"Bleu imeisha?"

"Hapana, papa. Bado iko."

Ya sita. Ya saba. Ya nane.

"Iko."

Ya tisa.

"Bon, sasa imeisha."

Tisa, kama usiku ule wa kwanza. Nyota ilikuwa nzima. Miaka yote hiyo alichokuwa akiandika ni kuzeeka kwa macho yake mwenyewe. Alifurahi, wallahi alifurahi, na machozi yakamtoka palepale.

Akampa Leila daftari na kalamu.

"Kutoka leo wewe ndiye utaandika," alisema. Kisha akaketi chini, uso juu. "Sasa niambie polepole, mama. Iko bleu ya namna gani?"